Chenji ya shilingi 50 si pipi

Novemba 2025 Marekani ilitengeneza senti zake za mwisho za kutumika sokoni, kwa sababu kila moja iligharimu zaidi ya senti tatu kuitengeneza. Hapa Kampala habari hiyo haipaswi kutushangaza. Sarafu zetu ndogo zilikufa zamani, ila hakuna aliyetangaza msiba.

Fedha mpya ya mwaka 1987 ilileta sarafu za shilingi 1, 2, 5 na 10. Mbili za kwanza zilikuwa za chuma kilichopakwa shaba. Mtoto wa leo hazijui. Mwaka 1998 zikaja za 50, 100, 200 na 500, na sasa ile ya 50 inafuata njia hiyo hiyo. Kisheria ni fedha halali. Dukani unapewa pipi.

Utasikia watu wakisema, shilingi 50 ni nini? Kwa anayenunua vitu vya mwezi mzima siku moja, si kitu. Lakini maskini hununua kidogo kidogo: asubuhi sukari ya kupima, mchana chumvi, jioni kiberiti. Akipunjwa 50 mara tatu kwa siku, kwa mwezi ni shilingi 4,500. Hayo ni madaftari ya mtoto wa shule. Na darasani tunamfundisha mtoto huyo kwamba 1,000 kutoa 850 ni 150. Anapata alama zake. Jioni akitumwa dukani anarudi na 100 na pipi, bibi anamwuliza pesa nyingine ameipeleka wapi.

Ajabu ni kwamba bei ya uniti ya umeme hutangazwa kwa shilingi pamoja na nukta zake! Anayetudai anajua kuhesabu.

Halafu kuna ukubwa. Sarafu ya 100 ni pana kuliko ya 200, na kuliko ya 500 pia. Asiyeona huhesabu pesa kwa vidole, na hapa vidole vinamdanganya. Hata wakoloni walifikiria mkono wa mtumiaji: senti zao za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, zikaweza kutungwa kwenye kamba kama wazee wa Buganda walivyotunga simbi, ambazo ndizo zilizoipa pesa jina la ensimbi kwa Kiganda.

Benki Kuu ichague. Ama itoe sarafu za 50 za kutosha na kuhakikisha zinafika madukani, ama itangaze mwisho wake na kuweka kanuni. Kanada ilipoacha kusambaza senti yake mwaka 2013, malipo ya taslimu yalianza kusogezwa kwenye senti 5 za karibu, juu au chini. Kwetu 50 ni nusu kamili ya 100, haina upande wa karibu. Kwa hiyo kanuni itamke wazi kwamba ikibaki 50, ni ya mnunuzi.