Mdomo Ukifa Ganzi, Usikimbilie Kung'oa Jino

Muuza mboga mmoja wa Kawangware alinijia akiwa amekwisha kung'olewa magego mawili ya chini, upande wa kushoto. Taya lilikuwa bado limevimba. Hakuwa na maumivu. Kilichomtia hofu ni kwamba chai ilikuwa ikimtiririka kidevuni bila yeye kuhisi.

Ganzi hiyo ndiyo iliyopaswa kuulizwa kabla ya koleo kushikwa. Ndani ya taya la chini, chini ya mizizi ya magego, mna mfereji mwembamba unaopitisha mshipa wa fahamu wa meno, mdomo wa chini na kidevu. Kitu kikiubana, mdomo hufa ganzi. Mara chache sana uvimbe huota katika mshipa wenyewe. Ule uitwao shwanoma hukua polepole, aghalabu si saratani, na una ganda lake. Mpasuaji huweza kuutoa, na pengine kuuokoa mshipa. Nyurofibroma ni msumbufu zaidi. Hauna ganda na huweza kurudi. Mwenye uvimbe huo akiwa pia na mabaka mengi mwilini ya rangi ya chai ya maziwa, basi achunguzwe mwili mzima.

Eksirei peke yake haitoshi kuutambua. Uvimbe huo huweza kufanana na ameloblastoma, ambao tunauona mara nyingi zaidi na ambao huenda ukalazimu kukata sehemu ya taya. Ndiyo maana kipande kidogo hukatwa kwanza kikapimwa. Wa mama yule ulikuwa shwanoma. Ulitolewa, lakini ganzi kidogo imebaki, na magego yake yalikuwa mazima.

Kwa mtoto, mambo ni ya haraka zaidi. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Denis Burkitt alianza kuchunguza watoto waliovimba mataya, na mwaka uliofuata akachapisha habari zao. Saratani hiyo hukua kwa siku, si miaka, na hulegeza meno. Hushamiri penye malaria nyingi, na familia nyingi za Kibera huenda na kurudi maeneo ya Ziwa Victoria. Ikiwahiwa, dawa huponya watoto wengi.

Najua hoja ya pesa. Kung'oa jino ni rahisi kuliko kupigwa picha, na anayeacha kibanda chake siku nzima hana chakula jioni. Hata sisi madaktari hatuna udhuru: mimi mwenyewe niliwahi kuandika dawa za viini mara mbili, tatu, kabla ya kuagiza eksirei.

Hata hivyo nasema jino lisiguswe katika taya lililovimba au lenye ganzi kabla ya picha kupigwa. Kutoka Kibera hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta watu hutembea kwa miguu. Na kipande kikikatwa, uliza kinapelekwa maabara gani, na urudi siku gani kuchukua majibu.