Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya: Habari za Watoto Wanaokakamaa kwa Mshtuko

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Naomba ruhusa nikushughulishe kwa maradhi ambayo, kwa uchache wa walio nayo, hayajapata mtetezi. Nayo ni yale yamfanyayo mtoto mchanga akakamae mwili mzima kwa kishindo cha mlango au kwa kuguswa tu, hata pengine pumzi zikamkatika, kisha akilala usingizi mwili ukalegea kana kwamba hakuwa na lolote.

Sababu yake imekwisha kujulikana. Katika uti wa mgongo na shina la ubongo imo kemikali iitwayo glisini, ambayo kazi yake ni kuituliza mishipa ya fahamu isipitilize kiasi; na kipokezi chake kikiwa na kasoro ya kurithiwa, kila mshtuko hupita bila wa kuuzuia. (Sumu ya strikini nayo huua kwa kukiziba kipokezi hicho hicho.) Jeni ya kwanza yenye kasoro hiyo ilitambuliwa mwaka 1993, miaka 27 baada ya matabibu wa Uholanzi kuandika habari za aila moja iliyoyarithi maradhi haya kizazi hata kizazi.

Ombi langu ni kwamba wauguzi wafundishwe kumgonga taratibu, kwa kidole, juu ya ncha ya pua, kila mtoto mchanga aliyekakamaa pasipo homa: mzima hupepesa macho, au hushtuka mara moja mbili akazoea, bali mwenye maradhi haya hurusha kichwa nyuma kila agongwapo, wala hazoei. Wafundishwe pia kwamba pumzi zikimkatika, kumkunja kichwa na miguu vielekee kifuani, kama alivyoeleza tabibu Vigevano wa Roma mwaka 1989, huweza kumwokoa. Asiyejua hayo atamwandika mtoto kuwa ana pepopunda, au kifafa. Na kwa kuwa klonazepamu, iliyo dawa yake hasa, ni dawa ya kifafa pia, mtoto aweza kupata nafuu kwa bahati na ugonjwa wake usijulikane maisha.

Itasemwa, na si bila haki, kwamba malaria ingali inaua. Lakini kituo chenu cha Kilifi, kilicho kazini tangu mwaka 1989, tayari huandika habari za watoto wanaolazwa. Kuongeza safu moja ya maradhi haya daftarini si gharama ya kuitishia bajeti kikao. Na Pwani, ambako binamu kuoana ni ada ya kale, yafaa itazamwe kwanza, maana namna nyingine za maradhi haya humpata mtoto aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama, nao wazazi wakiwa wazima kabisa, wasijue walichokibeba.

Jawabu lako, Mheshimiwa, likiwa la kukubali au la kukataa, naomba lichapishwe magazetini kwa Kiswahili, wapate kulisoma wazazi na wakunga.