Jibu la bungeni halifukuzi tembo

Ni nadra siku hizi mkutano wa Bunge kumalizika Dodoma bila mbunge wa jimbo la vijijini kusimama kuuliza kuhusu tembo. Wamekwisha kuuliza wa Liwale na Nachingwea, wa Tunduru na Namtumbo, wa Same na Mwanga, wa Bunda na Meatu. Uchaguzi huja na kuleta waulizaji wapya. Swali linabaki lilelile, na linalotutia hofu ni kwamba jibu nalo linabaki lilelile.

Naibu Waziri husimama kujibu kwa niaba ya Waziri. Serikali inatambua changamoto hiyo. Imejenga vituo vya askari, inatoa mafunzo kwa askari wa wanyamapori wa vijiji, itatuma wataalamu wakafanye tathmini, na itaendelea kuchukua hatua kulingana na upatikanaji wa fedha. Mbunge hupewa maswali mawili ya nyongeza, akayauliza kwa uchungu, akahakikishiwa kwamba Naibu Waziri ataongozana naye kwenda jimboni. Kisha Spika huita swali la wizara nyingine. Jioni kipande cha video kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya jimbo, na wananchi wanaona kwa macho yao kuwa mbunge wamemtuma na amesema. Usiku huohuo tembo wanaingia shambani.

Mbiu tunayoipiga leo haihusu tembo peke yao. Inahusu kipindi cha maswali bungeni, ambacho kwa mwananchi wa kijijini ndiyo njia ya karibu kuliko zote ya kuifikia Serikali Kuu, na ambacho kinageuka kuwa mahali pa kulizika jambo badala ya kulianzisha.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ujangili uliwafyeka hadi sensa ya 2014 ikakuta takribani 43,000. Tangu hapo ulinzi umeimarishwa, na Serikali imekuwa ikitaja idadi inayofikia takribani 60,000. Haya ni mafanikio, na gazeti hili linayaunga mkono bila kusita. Lakini tembo hao hawaishi ndani ya mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Wanaotoka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa 2019, na Pori la Akiba la Selous, wanafuata njia zao za kale kuelekea Niassa nchini Msumbiji, na njia hizo zinapita katika ardhi ya vijiji vya Namtumbo na Tunduru. Ni kweli mashamba yamesogea hadi kwenye shoroba. Ni kweli pia, kama mawaziri walivyowahi kusema, kwamba makundi makubwa ya mifugo yaliyohamia kusini yameingia misituni na kuwasukuma wanyama nje. Mwenye mashamba hayo, hata hivyo, anaishi katika kijiji kilichosajiliwa na Serikali, na mifugo hiyo haikuletwa na yeye.

Bunge la Bajeti huketi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Hiyo ndiyo miezi ambayo mahindi na mpunga wa kusini vinakomaa na kuvunwa. Wakati waheshimiwa wanapitisha mafungu ya wizara, wapiga kura wao wanalala juu ya madungu, wakiwinga kwa tochi, kwa madebe, kwa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Wengine wamelala huko na watoto ambao asubuhi wanatakiwa kuwa darasani. Tembo wakishaingia, chakula cha mwaka mzima kinaweza kwisha kabla ya alfajiri. Na anayejaribu kuwazuia peke yake anaweza kufa.

Baada ya hapo ndipo huanza safari ya makaratasi. Mkulima anatoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, Afisa Wanyamapori wa Wilaya anakuja kupima uharibifu, fomu zinakwenda halmashauri na kutoka hapo hadi Wizara ya Maliasili na Utalii. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa. Kwa mazao, kifuta jasho cha juu kabisa kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, na mwisho ekari tano. Viwango hivyo vilitumika kwa zaidi ya miaka kumi. Bei ya mbegu ilipanda, bei ya mbolea ilipanda, nauli ya kufuatilia malipo wilayani ilipanda, na wabunge waliohoji waliambiwa mkutano baada ya mkutano kwamba kanuni zinapitiwa. Kiwango kinaweza kupandishwa kwa saini moja ya Waziri. Misimu ambayo mkulima alikula hasara huku akisubiri saini hiyo hairudi.

Kwa nini swali lirudi mara zote hizo na kuondoka mikono mitupu? Tusimtupie lawama zote mbunge. Ibara ya 63 ya Katiba inampa haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma, lakini haimpi haki ya kupata utekelezaji. Ibara ya 99 inamzuia kupendekeza matumizi mapya ya fedha za umma pasipo pendekezo hilo kupitia kwa Rais na Waziri wake. Bunge likithubutu kuikataa bajeti nzima, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Na mbunge akifukuzwa uanachama na chama chake, kiti chake nacho kimekwenda. Mtu aliyezungukwa hivyo hujifunza haraka kuomba kuliko kudai. Ndiyo maana hotuba nyingi za bajeti zinaanza kwa pongezi ndefu, kilio cha jimbo kinakuja kengele ya kwanza ikiwa imeshalia, na kengele ya pili inamkuta msemaji akiunga mkono hoja.

Hata hivyo nguvu aliyonayo ni kubwa kuliko anavyoitumia. Ana uwezo wa kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, na hapo Waziri hulazimika kutoa ufafanuzi mbele ya Bunge zima. Tunaona shilingi ikishikwa, halafu ikiachiwa kwa ahadi ya mdomo ndani ya dakika chache. Wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi ni wengi, kutoka Ruvuma hadi Mara. Wangeishika pamoja na kukataa kuiachia mpaka Waziri ataje fedha na mwezi, Serikali ingesikia.

Tunasema hivyo kwa sababu imewahi kutokea. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianza kazi mwaka 2017 ukiwa na mtandao mkubwa wa barabara na mfuko mdogo. Wabunge wa vijijini walilia kuhusu madaraja yaliyosombwa na mazao yaliyooza njiani, wakalia tena na tena, wa majimbo tofauti kwa sauti moja. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Barabara za vijijini bado ni mbovu sehemu nyingi, lakini chanzo cha fedha kilipatikana, kiliandikwa katika sheria na kinahesabika. Kilio cha tembo hakijawahi kufikishwa mahali hapo. Kila mbunge amelia na tembo wa jimbo lake.

Serikali nayo isijidanganye kwamba ukimya wa mwanakijiji ni subira. Mkulima aliyekwisha kuamini kwamba hakuna atakayemsaidia huacha kupeleka taarifa kwa askari, huacha kumtaja jangili anayemjua, na wengine hufikia kutumia sumu, ambayo nchi hii imeshaiona ikiua tembo. Kazi yote iliyofanywa tangu 2014 inasimama juu ya ridhaa ya watu wanaoishi jirani na wanyama hao. Ridhaa hiyo inaliwa kila msimu.

Yapo mambo ambayo Bunge linaweza kuyafanya bila kusubiri fedha. Uganda ina kamati ya Bunge ya kufuatilia ahadi za Serikali, na India inayo tangu 1953: Waziri akisema bungeni kwamba jambo litafanyika, kauli hiyo huandikwa, hufuatiliwa, na Waziri huitwa kueleza imefikia wapi. Kwetu kazi hiyo imeachwa imezwe na kamati za kisekta zenye miswada na bajeti za kushughulikia. Taarifa Rasmi za Bunge zimejaa ahadi zenye jina la Waziri na tarehe ya kutolewa, na mwananchi hana njia rahisi ya kujua ipi imetimizwa.

Kwa hiyo tunamwomba Spika akatae jibu lolote linaloishia kwenye upatikanaji wa fedha bila kutaja fungu na mwaka wa fedha, na amtake Waziri arudi na jibu kamili katika mkutano uleule. Tunawaomba wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi, bila kujali vyama, wakutane kabla ya bajeti ijayo ya Maliasili na Utalii na waingie ukumbini na dai moja lililoandikwa. Na tunaitaka Wizara iweke mezani, kabla fungu lake halijapitishwa, orodha ya ahadi zote ilizotoa bungeni kuhusu tembo katika miaka mitano iliyopita: kijiji kwa kijiji, kituo kwa kituo, pamoja na majina ya vijiji ambavyo wananchi wake bado wanadai kifuta jasho na kifuta machozi, na siku watakayolipwa.