Kabla ya kumsafirisha kijana Cyprus, tuijue njia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, katika miji yetu yapo matangazo yanayowaita vijana wakasome Cyprus, kisiwa cha Bahari ya Mediterania kilicho kusini mwa Uturuki. Ada inaelezwa kuwa nafuu, viza kuwa rahisi, na kazi kupatikana mara tu mtu anapofika. Wazazi wengine huongezewa neno moja la kuwatuliza nyoyo: kwamba huko anakokwenda mtoto ni kwa Waislamu wenzetu. Makala yetu ya leo inahusu neno hilo, kwani kwa maoni yetu ndilo linalowafanya wazazi waache kuuliza maswali yaliyo muhimu zaidi.

Cyprus si jina geni katika historia ya Uislamu. Umm Haram bint Milhan (RA), mke wa Ubada bin Samit (RA), alikwenda huko pamoja na jeshi la Waislamu lililovuka bahari takriban mwaka 649, zama za Khalifa Uthman (RA). Alianguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda, akafariki na kuzikwa huko. Kaburi linalonasibishwa naye lipo karibu na ziwa la chumvi la Larnaca, na pembeni yake pana msikiti. Lakini tuzingatie jambo hili: Larnaca iko upande wa kusini, ambako wakazi wengi ni Wagiriki Wakristo. Kwa hiyo hata mahali panapojulikana zaidi na Waislamu kisiwani humo hapako upande ule unaoitwa wa Waislamu.

Pande hizo mbili zimetoka wapi? Cyprus ilipata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1960. Mwezi Julai 1974 yalitokea mapinduzi yaliyoungwa mkono na watawala wa kijeshi wa Ugiriki, na siku chache baadaye majeshi ya Uturuki yakaingia na kuishika sehemu ya kaskazini. Tangu hapo kisiwa kimegawanywa na mstari wenye urefu wa kilomita zipatazo 180, unaolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na ambao unaupasua hata mji mkuu, Nicosia. Mwaka 1983 upande wa kaskazini ulijitangaza kuwa dola. Baraza la Usalama, kwa azimio namba 541 la mwaka huo, likasema tangazo hilo ni batili. Mpaka leo nchi inayoutambua upande huo kuwa dola ni Uturuki peke yake.

Je, haya yanamhusu nini mzazi wa Tanga, Mombasa au Ujiji? Yanamhusu sana. Mahali ambapo serikali zetu hazipatambui hapawezi kuwa na ubalozi wetu. Kijana akiibiwa pasipoti, akikamatwa au akiugua sana akiwa kaskazini, hakuna mlango wa ubalozi wa nchi yake wa kubisha hodi upande huo. Aidha, ndege zote ziendazo uwanja wa Ercan, ulioko kaskazini, hupitia Uturuki, na Jamhuri ya Cyprus haiutambui uwanja huo kuwa mlango halali wa kuingilia nchini. Raia wa nchi zetu aliyeingilia huko anaweza kurudishwa akijaribu kuvuka kwenda kusini. Wapo waliovuka kwa njia za panya, wakaishia kwenye kambi za waomba hifadhi, na masomo yakawa yamekwisha.

Hapo ndipo tunaposema kwamba udugu wa dini ni neema kubwa, lakini si kibali cha ukaazi. Tuitazame hijra ya Mtume wetu (SAW). Vipando na masurufu vilitayarishwa, akaagana mapema na Abubakar (RA), na kiongozi wa njia waliyemwajiri, Abdullah bin Urayqit, hakuwa Mwislamu. Alichaguliwa kwa kuwa aliijua njia na aliaminika. Iwapo katika safari tukufu kuliko zote palitafutwa mjuzi wa njia, itakuwaje sisi tutosheke na wakala kwa sababu tu anasali nasi safu moja?

Wala hatusemi kwamba kusini kila kitu ni chepesi. Jamhuri ya Cyprus ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu Mei 2004 na hutumia sarafu ya euro tangu Januari 2008. Mgeni kutoka kwetu hupaswa kupata viza kabla ya safari, na akishafika ajiandikishe kwa idara ya uhamiaji na kupata kibali cha kuishi. Kazi za mwanafunzi zina mipaka iliyowekwa na sheria. Kibali cha mfanyakazi wa nyumbani hufungamanishwa na mwajiri wake, hivyo akimwacha mwajiri bila kufuata utaratibu huweza kupoteza haki ya kubaki. Na kibali cha Cyprus hakimruhusu mtu kwenda kufanya kazi Ujerumani au Ufaransa. Anayewaambia vijana kwamba Cyprus ni ngazi ya kupandia Ulaya nzima anawadanganya.

Basi mzazi aulize nini kabla ya kutoa fedha? Kwanza, aitazame tiketi: inaishia Larnaca au Paphos, ambako ni kusini, au Ercan? Jibu hilo litamwambia mtoto atakuwa chini ya sheria ya nani.

Pili, aulize ada ya mwaka wa pili na wa tatu. Mara nyingi kinachoitwa ufadhili huwa ni punguzo tu la ada, na chumba, chakula na bima hubaki juu ya mzazi. Kaskazini vyuo vingi hutoza kwa euro au dola, ilhali mshahara wa kibarua hulipwa kwa lira ya Uturuki. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dola moja ilikuwa chini ya lira 8. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilizidi lira 34. Kijana anayetarajia kujilipia ada kwa kibarua cha lira ana hesabu nzito mbele yake.

Tatu, ahakikishe kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa nyumbani. Kwa Tanzania, aulizwe Tume ya Vyuo Vikuu, na jibu lipatikane kwa maandishi kabla ya safari.

Nne, mapatano na wakala yaandikwe, yakiwa na mashahidi na stakabadhi ya kila malipo. Qur'ani Tukufu imetuamrisha kuandika deni na kushuhudisha, na amri hiyo haikumbagua rafiki wala jirani. Wakala anayechukizwa na karatasi ameshajieleza. Nakala za pasipoti na viza zibaki nyumbani, na pasipoti yenyewe asiachiwe mtu mwingine kuihifadhi.

Mambo mengine ya maisha ya huko si mazito. Magari hupita kushoto kama kwetu, na Kiingereza kinafahamika na wengi. Kiangazi kina joto kali, na majira ya baridi theluji huanguka katika milima ya Troodos. Misikiti ya kusalia Ijumaa ipo pande zote mbili, ukiwemo wa Omeriye katika Nicosia ya kusini. Kijana mwenye nia ya kuitunza dini yake ataweza kuitunza popote kisiwani humo.

Ndugu wazazi, wako waliouza shamba ili mtoto akasome ng'ambo, na nia hiyo ni njema. Lakini shamba likishauzwa halirudi kwa majuto. Tushauriane ndani ya familia, tuwaulize waliosoma huko na kurejea, ndipo tutawakali. Kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko ugenini, na awaongoze wanaojiandaa kusafiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.