Kidonge ni Kilekile, Miili ni Mbalimbali: Uliza Kilipimwa kwa Nani



Leo tuongee kuhusu vidonge. Si vile vinavyouzwa maskani, hapana. Ni hivi vya halali: vya kuongeza damu, multivitamini, poda ya gym, na ile "dawa ya kunenepa" ambayo dada zetu huletewa na mtu waliyemjua WhatsApp. Karibu kila nyumba ina kopo lake, na muuzaji hakosi kukwambia, "hii imefanyiwa utafiti". Sawa. Lakini hatuulizi utafiti huo ulifanywa kwa nani. Kwa mtu anayeishi wapi, anayekula nini, anayeugua nini?

Msidhani hilo ni swali la wasomi tu. Jibu lake lilipatikana kwa ndugu zetu wa Pemba, na lilipatikana kwa gharama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walichukua kidonge kimoja wakakipeleka mahali pawili: Pemba na kusini mwa Nepal. Ndani yake mlikuwa na miligramu 12.5 za madini ya chuma pamoja na foliki kidogo. Watoto wadogo walipewa kila siku, na wengi walitarajia kwamba vifo vitapungua. Manake chuma huongeza damu, na damu ni uhai, au sio?

Pemba mambo yakaenda kinyume. Watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wasiopewa. Agosti 2003 jopo la usalama likasimamisha vidonge vya chuma. Nepal, kidonge kilekile hakikuleta madhara hayo, ingawa vifo navyo havikupungua. Tafiti zote mbili zilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria.

Tofauti kubwa ilikuwa malaria. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na sehemu ile ya Nepal haikuwa hivyo. Kijidudu cha malaria kinahitaji chuma ili kikue, na bakteria wengi vilevile. Ndiyo sababu mwili ukiugua huficha chuma chake makusudi. Ukimmiminia chuma mtoto ambaye hakikumpungukia, na malaria imo mwilini, huenda unamlisha adui. Lakini sikizeni na upande wa pili: palepale Pemba, watoto waliopimwa wakakutwa wana upungufu wa chuma walinufaika. Basi ubaya haukuwa wa chuma chenyewe. Tatizo lilikuwa kumpa kila mtoto bila kumpima.

Na mwaka 2021, watafiti wa hapa jirani Kilifi, kituo cha KEMRI-Wellcome, walionyesha kwamba malaria yenyewe husababisha upungufu wa chuma kwa watoto wa Afrika. Mama anaweza kununua chupa baada ya chupa ya dawa ya damu, na tatizo liko kwenye mtaro wa maji yaliyotuama nyuma ya nyumba na neti iliyotoboka. Kusafisha ule mtaro ni kazi ya kaunti, na hiyo nayo ni lishe.

Najua kuna watu wakisoma hapa watasema, "Si unaona? Wazungu wanatujaribia dawa, tusimeze kitu chao chochote." Ndugu zangu, tuwe waadilifu. Madhara ya Pemba yalijulikana kwa sababu watu walihesabu, na waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha wakasimamisha. Bila utafiti ule, vidonge hivyo vingeendelea kugawiwa na watoto wangeendelea kuzikwa bila mtu kujua sababu. Dawa ya utafiti usiotuhusu ni utafiti unaotuhusu, tena wenye idhini ya kweli, kwa lugha tunayoielewa, na majibu turudishiwe mtaani.

Uvumi nao una gharama yake. Mtaani kuna wanaoambiana kwamba vidonge vya kliniki ya wajawazito ni vya kufunga uzazi. Wajawazito wanavitupa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuta takriban wajawazito 4 katika kila 10 nchini wana upungufu wa damu. Na kwa kuwa mtu aweza kuuliza, "je, si hii ndiyo chuma ya Pemba?", jibu lipo, tena la humuhumu Kenya. Wajawazito 470 wa magharibi mwa nchi, sehemu yenye malaria, walifuatiliwa. Nusu walipewa miligramu 60 za chuma kila siku, huku wote wakipata kinga ya malaria. Matokeo yaliyotoka 2015: hakukuonekana ongezeko la malaria la maana, na watoto wa waliopewa chuma walizaliwa wakiwa na uzito zaidi, kama gramu 150. Kwa hiyo dada, kile kidonge cha kliniki meza. Kikikuletea kichefuchefu, mwambie muuguzi. Usikitupe.

Ila kuna jambo wengi hawaambiwi. Kidonge cha kliniki kina foliki ya miligramu 0.4. Kile cha chemisti mara nyingi ni cha miligramu 5. Shirika la Afya Duniani linasema foliki ya miligramu 5 kwenda juu isitumiwe pamoja na vidonge vya SP vya kukinga malaria, kwa sababu inaidhoofisha SP. Mtu anadhani anajiongezea nguvu, kumbe anaivunja kinga yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa serikali. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulisema asilimia 18 ya watoto Kenya wamedumaa. Ukiishia hapo utasema tunaendelea vizuri. Lakini Kilifi, ukivuka tu kutoka Kisauni, ni asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote. Wastani wa nchi uliificha Kilifi. Na sisi je? Takwimu zile huishia ngazi ya kaunti, na "Mombasa" inawachanganya wa Nyali na wa Likoni kwenye sahani moja. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Angalia na unga. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti utiwe vitamini na madini, pamoja na chuma. Lakini ni nani ananunua pakiti kila siku? Familia nyingi za bara hii hununua unga wa kupimiwa au hupeleka mahindi kusagwa mtaani, na huko kwa kawaida hakuna kinachotiwa. Mwenye haja zaidi ndiye anayekosa.

Na nyinyi wa gym na wa "kunenepa": baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo ni deksamethasoni, dawa kali ya hospitali. Uso unavimba, unadhani umenawiri, kumbe sukari na presha zinapanda na mifupa inadhoofika. Kopo lisilo na majina ya vilivyomo usiliguse. Na Muislamu ana swali la ziada: ganda la kidonge ni jelatini ya mnyama gani? Kuuliza si ushamba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari za anachonunua.

Basi tufanye nini? Jikoni tuanze na tulichonacho: kunde, mbaazi, mchicha, kisamvu, dagaa. Kamulia ndimu, maana husaidia mwili kuchukua chuma cha mboga. Chai nayo huzuia chuma, kwa hiyo mbaazi zako za asubuhi zile kwanza, chai iache kama saa moja. Hilo halihitaji kopo la elfu tatu.

Lakini ndimu haitoshi mahali ambapo mshahara wa kibarua hautoshi. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Kaunti ikiita vikao vya maoni ya bajeti, twendeni na maswali matatu: Watoto wangapi wamedumaa Likoni, Kisauni na Changamwe, kila mahali peke yake? Vidonge vya chuma viliisha mara ngapi mwaka huu katika zahanati zetu? Mitaro ya maji ina shilingi ngapi?

Wakikosa majibu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaturuhusu kuyadai kwa maandishi. Andikeni barua, na jibu likija, liwekeni hapa tulisome sote.