Pivo hapimwi kwa mlango

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kwenye kiwanja cha saruji cha shule moja ya Kikula, hapa Likasi, nilimkuta bwana mmoja amemsimamisha kijana mlangoni mwa darasa, anampima kwa mita ya seremala. Kijana ana miaka 16. Mita ilisoma 2.03. Watu waliokaa juu ya ukuta walipiga makofi kana kwamba amefunga kikapu. Baba yake mkubwa akanigeukia: "Mdogo wangu, wewe ni mwanahabari, unafuata mambo haya. Sema kweli. Huyu mtoto atafika NBA au hatafika?"

Halikuwa swali la mzaha. Yule bwana mwenye mita alikuwa ameahidi kumtafutia kijana timu Ulaya. Alitaka vitu viwili: pesa za kutengeneza karatasi, na ruhusa ya kumpunguzia kijana miaka miwili kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyumbani walikuwa wanajadili kumtoa shuleni ili afanye mazoezi asubuhi na jioni.

Siku ile nilikwepa swali. Leo nataka kulijibu sawasawa, kwa sababu linaulizwa kila penye kikapu kati ya Likasi na Lubumbashi, na mara nyingi anayelijibu ni mtu mwenye faida yake ndani.

Jibu langu ni hili. Kijana wa miaka 16 anayecheza pivo, yaani yule mrefu anayefanya kazi karibu na kikapu, hahukumiwi kwa urefu wake wala kwa alichofanya Jumamosi moja. Anahukumiwa kwa kile anachokiweza leo ambacho mwaka jana hakukiweza.

Tuanze na urefu, maana ndio unaotupofusha. Majirani zetu Watanzania wanamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili, 2008 na 2009. Juni 2009 Memphis walimchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka ligi ndogo akapate dakika za kucheza. Kufikia 2014 alikuwa ametoka NBA, na wastani wake ulikuwa pointi 2.2 na rebaundi 2.7 kwa mechi.

Siyasemi haya kumdharau. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA. Nayasema kwa sababu waliomchagua hawakuwa watu wa mita ya seremala. Walikuwa na madaktari, video za mechi zake zote na wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo moja tu. Wakakosea. Sisi na mlango wetu wa darasa tuna uhakika wa nini?

Takwimu nazo hudanganya. Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka hapa. Msimu wa 2021-22, akiwa Kentucky, alichukua wastani wa rebaundi 15.1 kwa mechi na akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Siku ya uteuzi ya Juni 2023 majina 58 yalisomwa. Lake halikuwamo. Ilibidi aingie kwa mlango wa nyuma, kwa mkataba mdogo na Indiana. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba mchezo ulikuwa umegeuka. Pivo wa leo anavutwa mbali na kikapu. Wapinzani wanatupa pointi tatu, naye anatakiwa atoke nje akamfuate gadi mwepesi, kisha arudi chini kugombea mpira. Aliyekuwa mfalme chini ya kikapu peke yake anaulizwa maswali mapya.

Sasa tazama upande wa pili. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Georgetown mwaka 1987 akiwa na miaka 21. Nia yake ilikuwa kusomea udaktari, na mwaka wa kwanza hakuichezea timu. Mwaka 1991 Denver walimchagua wa nne. Alipostaafu 2009 alikuwa amezuia mitupo 3,289, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem Olajuwon, na mara nne alitajwa mlinzi bora wa mwaka. Kama mtu angemhukumu Mutombo akiwa na miaka 16, angekuwa anamhukumu kijana ambaye mpira wa kikapu ulikuwa bado haujawa mchezo wake.

Na yupo Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1992. Njia yake ilipita Yemen, ikapita Hispania. Aprili 2011, katika mechi ya vijana bora huko Portland, alifunga pointi 12, akachukua rebaundi 11 na kuzuia mitupo 10, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika mechi hiyo. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa saba. Mtupo wa mbali haukuwa silaha yake hata mara moja, na kwa pivo wa NBA si mrefu wa kutisha. Lakini alidumu misimu zaidi ya kumi kwa sababu alijua kazi mbili tatu na akazifanya kila usiku: kulinda kikapu, kugombea mpira, kumfungulia mwenzake njia. Mei 2016, akiwa Toronto, alichukua rebaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland ya LeBron James.

Ukiwaweka hawa wanne pamoja, unaona kwamba urefu ulikuwa tiketi ya kuingia uwanjani tu. Kilichoamua mengine ni vitu ambavyo mita haisomi. Vitu hivyo tunaweza kuviangalia hata hapa Kikula.

Cha kwanza ni mikono. Je, kijana anadaka pasi kwa mikono miwili huku amesukumwa? Akishadaka, anauweka mpira juu, au anaushusha kiunoni ambako gadi mfupi anauiba? Pivo anayeshusha mpira anakuwa mfupi kwa hiari yake.

Cha pili ni miguu. Mwite gadi mwenye mbio kuliko wote, umwambie amshambulie kijana wako kutoka pembeni. Usiangalie kama amezuia mtupo. Angalia hatua tatu za mwanzo: anateleza naye ubavuni, au anageuka na kumkimbiza kwa nyuma? Kisha mpe mpira chini ya kikapu uone kama anaweza kuzunguka kwa mguu mmoja, kulia na kushoto, bila mwamuzi kupuliza.

Cha tatu ni macho na mdomo. Pivo ndiye anayeona kiwanja chote kutoka nyuma. Akinyamaza kwenye ulinzi, wenzake wanne wanacheza gizani. Akiwa na mpira na wawili wamemrukia, anamwona mwenzake aliyebaki peke yake, au anaona kikapu tu?

Cha nne ni mtupo wa bure, na hapa hakuna kisingizio. Mita 4.60, hakuna anayekuzuia, kikapu hakisogei. Kijana atupe 50 kila wiki na mtu aandike. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Namba hiyo baada ya mwaka itakuambia mambo mawili: kama mkono wake unaweza kufundishika, na kama yeye mwenyewe anapenda kazi wakati hakuna anayepiga makofi.

Kuna na mwili. Wapo vijana wanaorefuka mapema, wakiwa na miaka 14 wanawatawala wenzao wote, na wakifika 17 wenzao wamewafikia. Wapo wanaorefuka kwa kasi mpaka miguu inapotea kwa miezi kadhaa, wanajikwaa kwenye mistari, magoti yanauma. Huyo si mvivu na hajaharibika. Anahitaji kupumzishwa na kufundishwa upya, wala si kukimbizwa asubuhi na jioni juu ya saruji.

Ndiyo maana lile ombi la kupunguza miaka miwili linanichukiza kuliko lile la pesa. Ukisema kijana wa 16 ana 14, umeharibu kipimo chenyewe. Kila atakalofanya litasifiwa kuliko thamani yake, mpaka siku atakapokutana na wa umri wake wa kweli. Na ukweli ukijulikana, anayebeba aibu ni mtoto. Yule bwana mwenye mita atakuwa ameshahamia kiwanja kingine.

Wazazi wajue pia kwamba kanuni za FIBA haziruhusu mchezaji kuhamishiwa nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa hali maalumu zinazochunguzwa, na kwamba wakala wa kweli ana leseni ya FIBA. Muombe akuonyeshe. Anayetaka pesa kwako kabla timu yoyote haijakuandikia barua anauza matumaini yako mwenyewe.

Najua nitakachojibiwa. Baba mkubwa alikwisha kunijibu: "Mdogo wangu, wewe una mshahara. Sisi tunaye huyu mmoja, na njaa haingoji mwaka mzima." Siwezi kulicheka neno hilo katika mji ambao magari ya madini yanapita mchana na usiku mbele ya nyumba za watu wanaolala bila kula. Lakini kwa sababu hiyohiyo, familia maskini haiwezi kucheza bahati nasibu kwa kitu pekee ilicho nacho. Tajiri akikosea mtoto wake anarudi shule nyingine. Huyu akitolewa shuleni, harudi.

Tena shule siyo kizuizi cha safari hiyo. Mara nyingi ndiyo barabara yenyewe. Mutombo alipita chuo kikuu. Thabeet alipita chuo kikuu. Tshiebwe alipita chuo kikuu. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, alianza mpira wa kikapu 2019 tu. Akapelekwa katika akademia ya NBA huko Saly, Senegal, ambako vijana wanasoma na kucheza. Mwaka 2024 alicheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, akaingia Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi. Atakuwa mchezaji gani mwishowe, miaka itasema. Lakini kijana asiye na masomo amejifungia mlango ambao hao wote waliupitia, na atabaki kutegemea njia kama ya Biyombo, ambayo wengi wameijaribu na majina yao hatuyajui.

Ninaloliomba kwa makocha wetu ni dogo. Kila kijana mrefu awe na ukurasa wake: urefu, uzito, mitupo 50, pasi alizodaka na alizodondosha, maumivu aliyosema, matokeo ya shule. Ukurasa huo ukijaa miaka miwili, mtu wa kweli akija kutafuta wachezaji atakuwa na kitu cha kusoma, na wa uongo atakosa cha kusema. Kwa wafanyabiashara wa Likasi wanaopenda kupigwa picha na washindi: nunueni mipira na mrekebishe vikapu vilivyopinda sasa, kabla ya ushindi.

Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zimeanza, nilirudi Kikula. Kocha wa pale, ambaye vijana wote wanamwita Yaya, alinionyesha daftari. Wiki ya kwanza kijana wetu alifunga mitupo 17 kati ya 50. Wiki iliyopita alifunga 26. Bado anashusha mpira kiunoni, nami niliona gadi mdogo akimwibia mara mbili mfululizo. Mara ya tatu aliushika juu ya kichwa, akasubiri, akampa mwenzake pasi.

Baba mkubwa alikuwa juu ya ukuta, mahali pake palepale. Aliniambia yule bwana amerudi mara mbili, na pesa hajapewa. Kisha akauliza tena: "Sasa, atafika?"

Nilimwambia, "Papa, sijui. Alikuwa na 17, sasa ana 26. Na shuleni je?"

"Yuko darasani," alisema. "Mama yake alikataa kabisa."