Mleta Habari Mbaya Si Adui

Kila askari aliyewahi kukesha handakini anaijua thamani ya taarifa ya doria. Taarifa ya kwanza aghalabu huwa na mapengo: kikosi kimoja hakijarejea, kingine redio yake imenyamaza. Kamanda mwenye busara huipokea, kisha huirekebisha kadiri habari zinavyomfikia. Kamanda amfukuzaye mpelelezi kwa kosa la kusema kwamba adui ni wengi hampunguzi adui hata mmoja.

Twayasema haya tukiikumbuka tarehe 1 Agosti, 2025, kule Marekani. Siku hiyo Idara ya Takwimu za Kazi ilitangaza kwamba mwezi Julai ajira ziliongezeka 73,000 tu, na kwamba hesabu za Mei na Juni zilizokwisha kutangazwa zilipaswa kupunguzwa kwa ajira 258,000. Siku hiyohiyo Rais Donald Trump alimwachisha kazi mkuu wa idara hiyo, Bibi Erika McEntarfer, akidai kuwa takwimu zilichezewa. Ushahidi hakuutoa.

Je, hesabu ikibadilika ni lazima iwe ya uongo? Sisi twasema la. Kila mwezi idara hiyo huwauliza waajiri wapatao 121,000. Wengine huchelewa kujibu, na majibu yao yafikapo hesabu hurekebishwa. Kisha kila mwaka hulinganishwa na kumbukumbu za kodi wanazolipa waajiri kwa ajili ya bima ya wasio na kazi. Mwenye nia ya kudanganya hajisahihishi hadharani. Hata hivyo, kosa la ukubwa huo si dogo, na waajiri wanaojibu wamepungua sana miaka ya karibuni. Dawa yake ni kuwaongezea watakwimu nyenzo, wala si kuwaongezea hofu.

Jambo hili lina uzito kwa sababu mwaka huohuo Marekani ilipandisha ushuru wa forodha, moja ya shabaha zake ikiwa kulinda kazi za viwandani. Hatusemi kwamba ushuru ni haramu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina ushuru wake wa pamoja tangu 2005. Lakini ushuru hukata kuwili. Mwaka 2018 Marekani ilitoza ushuru mashine za kufulia zitokazo nje. Wachumi waliochunguza walikadiria kwamba zilipatikana ajira 1,800 hivi, na kwamba kila ajira iliwagharimu wanunuzi dola zipatazo 815,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo chuma cha nje kilitozwa asilimia 25: wafua chuma wakapata nafuu, lakini viwanda vinavyotumia chuma vikalipa zaidi.

Kiwanda kikifunguliwa, ngoma hupigwa. Karakana ikipunguza wafanyakazi watatu, hakuna apigaye ngoma. Watu hao watatu huonekana katika takwimu peke yake. Takwimu zikitishwa, nao hupotea.

Nasi ndugu askari tujikague. Mkuu wa kituo akikataza makosa yasiandikwe kitabuni, wizi haupungui mtaani. Kombania ikihesabu askari hewa kwenye gwaride, siku ya vita hewa haitashika bunduki. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi aletaye hesabu chungu na apokewe kwa heshima, kwani ndiye atuepushaye na shambulio tusilolitazamia.